Nesi Aliyegeukia Ukuta

Siku ile Masunga alipoanguka tulikuwepo hawa: mimi mke wake; shemeji yangu Jilala, kaka mkubwa wa Masunga, aliyekuja kutoka Maswa kutusaidia kupanda pamba; Holo, mke wa Jilala; binti yetu Limi, ambaye mahari yake ilikuwa imeshaingia zizini; na Nesi wa zahanati, mama wa kijana aliyemuoa Limi. Masunga mwenyewe simhesabu. Alikuwepo mwili tu.

Mimi majina sisahau. Ukiniuliza nilikaa dawati moja na nani darasa la kwanza nitakuambia Minza na Ng'washi, na jina la mbwa wa kina Ng'washi nitakutajia. Lakini humu kuna majina mawili hamtayapata. La Nesi hamlipati kwa sababu ni mkwe wangu, na kwetu mkwe hatajwi. La mtoto wake ndiyo kabisa, huyo ni mkwilima wangu, mume wa binti yangu, na mpaka leo nikimwona anakuja kwa mbele mimi naacha njia napita majanini. Kwa hiyo Nesi atabaki Nesi, kama wilaya nzima ilivyomwita.

Alikozaliwa sikujui vizuri na sitaki kubahatisha. Kwangu mimi anaanzia mlangoni mwa zahanati. Mwembamba, mrefu, anatembea kama mtu anayekimbilia basi. Sare yake nyeupe aliipiga pasi ya mkaa kila asubuhi mpaka mikunjo inasimama yenyewe, halafu akaenda nayo kukaa juu ya gogo, juu ya gunia la pamba, popote alipomkuta mgonjwa. Jioni ilikuwa na rangi ya udongo wa Bariadi.

Mnajua salamu zetu Wasukuma zilivyo ndefu. Mwangaluka, mwangaluka mayu, yaani mama, mmelalaje, watoto, ng'ombe, mvua kwenu imenyesha, huko ulikotoka wazima. Nesi wengine walioletwa hapa kutoka mbali walikuwa wanazikatisha, wanasema haya haya, sema unaumwa nini. Yeye hakukatisha hata moja. Alijibu zote mpaka mwisho, lakini muda huo vidole vyake vimeshakaa kwenye kifundo cha mkono wako, macho yanatazama ulimi wako unavyosema mvua imenyesha. Salamu zikiisha ameshajua nusu ya ugonjwa.

Nusu iliyobaki aliitafuta kwa mdomo, na mdomo anao. "Unaumwa wapi, baba?" Mtu aoneshe mwili mzima. "Hapo ni mtu au ni ghala? Chagua sehemu moja, tuanze nayo." Ukianza kumweleza kuwa hata shangazi yako aliwahi kuumwa hivyo, anakwambia, "Shangazi yako nitamuuliza mwenyewe akija." Watu walicheka kwenye foleni mpaka wenye mbavu mbovu wakashikilia mbavu. Hakuna aliyemnunia. Mzee mmoja, Maduhu, alikuwa anakuja mzima wa afya, anakaa benchi la mwisho, anasikiliza tu.

Dawa hakukukabidhi ukaondoka. Alikushikisha karatasi, akakwambia haya, sasa wewe ni nesi na mimi ndiye mgonjwa, nieleze nitakunywaje. Ukikosea anarudia. Wanaume watu wazima walisimama pale wanamwelekeza Nesi jinsi ya kunywa dawa ya minyoo, na yeye anaitikia kwa adabu, "Ndiyo daktari. Na nikitapika je, daktari?"

Sasa msije mkadhani namchora malaika. Kupika hakujua. Ugali wake ulikuwa na unga mbichi katikati, nimekula mwenyewe, na nikaomba maji. Kinyonga alimwogopa mno. Mwanamke huyo aliyekuwa anashona kidonda cha panga huku anaongea habari za kwaya, akiona kinyonga kwenye ua anapanda juu ya kiti. Kwaya nayo aliimba kwa nguvu na kwa sauti isiyokuwa ya wenzake, na padri hakuwa na la kufanya kwa sababu Nesi ndiye aliyekuwa anamtibu.

Na ugoro. Kikopo chake kilikaa kifuani, ndani ya nguo, na kila baada ya wagonjwa kadhaa anageuka, anavuta, anapiga chafya, anaita anayefuata. Wanawake tulimtania. "Nesi, unatukataza kila kitu, na huko puani umeweka nini?"

"Nimeweka mwajiri wangu," anasema. "Huyu ndiye ananiamuru. Nimejaribu kumwacha, siku ya pili nikagombana na mbuzi. Siku ya tatu nikagombana na mganga mkuu. Nikarudi. Kwa hiyo ninapowaambia kitu fulani kinashika mtu, nisikilizeni. Siongei kwa kusoma."

Hilo ndilo nililompendea. Hakuwahi kumcheka mtu aliyeshikwa.

Mume wangu Masunga alikuwa mpimaji wa chama cha ushirika. Msimu wa pamba ukifika yeye ndiye anasimama kwenye mizani pale ghalani upande wa Kasoli, kalamu sikioni, na hata wazee wanamwita bwana mpimaji. Halafu ikaja ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Wakati huo bado sisi ni Mkoa wa Shinyanga, Simiyu haijazaliwa. Wakaja wanunuzi wa watu binafsi na malori yao, mizani yao, wapimaji wao vijana. Ghala la chama likafungwa kufuli. Masunga akarudi nyumbani na kalamu sikioni, na kazi ya kufanya hana.

Hakulalamika. Ingekuwa heri alalamike. Alianza kushtuka. Tumekaa tunakula michembe ya viazi, lori linapita barabarani, anaweka kikombe chini, anashika kifua. "Mke wangu, moyo unakimbia." Jasho linamtoka, mikono baridi. Anasema nakufa. Usingizi ukamkimbia. Akawa mtu wa kutazama mlango.

Nikampeleka kwa Nesi. Kipindi hicho hatujawa wakwe bado, watoto walikuwa hata hawajaangaliana. Alimsikiliza muda mrefu, foleni ikinung'unika nje. Akampima. Akamwambia, "Bwana mpimaji, moyo wako ni mzima. Una hofu, na hofu ikikaa bila kulala inazaa nyingine." Akampa vidonge vidogo vya kutuliza, vichache tu, vya usiku. Akamgeuza kuwa nesi kama kawaida yake, Masunga akamwelekeza: kimoja nikienda kulala, nisinywe na pombe, vikiisha nirudi.

"Na ukiona vimekufaa sana je, daktari?"

"Nirudi vilevile."

"Hasa hapo ndipo urudi," akasema, na hapo hakucheka. "Hivi ni vya kukuvusha siku hizi mbaya. Vikizoea mwili wako, vitaanza kudai."

Nataka hili lisomwe vizuri: zile dawa zilimsaidia. Mume wangu alilala, akaamka, akala. Nisingependa mtu anisingizie kuwa nimesema ni sumu. Aliporudi kwa Nesi kuomba vingine, akamnyima. Akamwambia sasa usingizi umeshaijua njia, na badala ya vidonge akamwambia awe anapita zahanati asubuhi wakae waongee, na akalime mpaka achoke. Masunga akajibu ndiyo, lakini hakupita. Aliona haya, mwanaume kwenda kuongea hofu yake mbele ya wanawake wenye watoto mgongoni.

Na ruksa ilikuwa haijafungua pamba peke yake. Pale mjini Bariadi kila mwenye chumba kinachotazama barabara alitoboa dirisha, akapigilia rafu, akaanza kuuza. Mmoja ni Doto, mtoto wa Luhende, aliyekuwa anauza vitenge mnadani. Akafungua duka la dawa baridi. Baridi ni jina, rafuni zilikuwepo na za moto. Hakuuliza mtu cheti. Ukisema usingizi hauji, anakufungia kwenye kipande cha gazeti.

Masunga akaanza kwenda mjini na baiskeli. Mwanzo kimoja cha usiku. Baadaye kile cha usiku kikawa hakimlazi mpaka viwe viwili. Halafu na cha asubuhi, ili aweze kutoka nje. Halafu akawa anatembea nacho mfukoni mwa shati, na asipougusa mfuko mikono inatetemeka. Hofu yenyewe haikuondoka, ilikuwa inangoja kidonge kiishe nguvu. Mume wangu mchangamfu, aliyekuwa anajua uzito wa gunia kwa kulitazama, akawa anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Alisahau ng'ombe malishoni. Alilala juu ya baiskeli akaingia kwenye shamba la dengu la Maduhu.

Halafu ikaja aibu ya mahari. Mkwilima wangu alikuwa ameshamwona Limi kwenye kwaya, wazee wa upande wao wakaja kuongea ng'ombe. Masunga kama baba wa binti ndiye mwenye kikao. Katikati ya maneno ya mjomba wa Nesi, akalala. Akakoroma. Wazee wakatazamana, wengine wakasema ni dharau, huyu anataka kuonesha kuwa ng'ombe wetu ni wadogo. Nilikuwa nyuma ya mlango na matobolwa ya viazi kwenye ungo, nikatamani ardhi inimeze.

Ndoa haikuvunjika. Baadaye nikajua ni Nesi aliyewaambia watu wake, "Hajawadharau. Mtu huyu amelewa vidonge. Endeleeni na maneno yenu." Ng'ombe wakaja, tukawa wakwe. Siku moja Nesi akaniita pembeni kisimani. "Mkwe wangu, sikiliza. Usimnyang'anye vidonge. Umesikia? Hata ukikasirika. Mlete kwangu, tutamtoa navyo polepole."

Nikamwambia Masunga. Akakataa kabisa. Zamani aliona haya kwa sababu ya foleni, sasa haya ikawa kubwa zaidi: mtu gani anakwenda kumfunulia mkwe wake unyonge? "Nitampa mkono gani siku ya arusi?" akaniuliza.

Msimu wa kupanda, Jilala akaja. Jilala ni mtu wa ng'ombe, ana zizi kubwa Maswa, anaongea kama anayewafukuza fisi. Akamkuta mdogo wake ameegemea jembe macho yamefumba. Akamkagua mifuko kama mtoto, akakuta kile kipande cha gazeti, akaingia ndani akakuta na vingine chini ya godoro. Nikamkimbilia. "Shemeji, Nesi amesema asinyang'anywe!"

"Nesi ni mkwe," akasema. "Huyu ni tumbo moja na mimi." Akavimwaga chooni vyote. Na simlaumu, yeye aliona nyoka amemzunguka ndugu yake, akampiga nyoka.

Siku zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Masunga alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Alisema siafu wanamtembea, na siafu hawapo. Mwanga ulimchoma, sauti ya kuku ilimchoma. Hofu ya zamani ilirudi imeongezeka. Jilala akasema ni uchafu unatoka, mwacheni. Holo, mke wake, akapika uji, Masunga hakuunywa. Asubuhi moja akasema anataka kutoka akaone pamba ilivyoota. Hakufika. Alianguka uani, akakakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka, mwili mzima ukawa unarushwa.

Holo akapiga yowe: "Degedege! Degedege limempata!" Limi akakimbia zahanati, mguu peku. Sisi watatu tukamvuta ndani.

Nesi alifika viatu mkononi, mkoba begani. Hakusalimia, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona hakusalimia. Akapiga magoti, akamlaza ubavu, akaniuliza, "Ameacha lini?" Nikamwambia. Akamtazama Jilala mara moja tu. Mwili ulitulia kidogo, halafu ukaanza tena. Akafungua mkoba, akavunja kichupa, akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

Holo akamshika mkono. "Mayu! Mtu wa degedege hachomwi sindano. Atakufa hapohapo."

"Ni kweli," Jilala akasema, akasimama mlangoni kama ng'ombe dume. "Nimeona kwa macho yangu, mtoto wa Sitta alichomwa akafa. Hapa hachomwi mtu."

Mtu mwingine angebishana. Nesi wengine waliwahi kubishana na sisi kuhusu jambo hili, wakatuita washamba, na huku wanabishana mgonjwa anakwisha. Yeye hakubishana. Aliichomoa sindano kwenye bomba, akaiinua juu mbele ya macho ya Jilala, akaitupa mkobani. "Umeiona? Haipo. Hili ni bomba tu, la plastiki. Halichomi. Dawa itapita njia ya haja kubwa, itafika haraka vilevile. Unaruhusu?"

Jilala akauachia mlango. "Bila sindano, ruksa."

Ndipo sote tukakumbuka jambo moja kwa pamoja, nikaona hata Nesi amekumbuka, mkono wake ukasimama. Yule pale chini ni mkwe wake. Mahari imeshaingia. Hawezi kuona utupu wake, hawezi kumgusa huko, hata kama ni nesi, hata kama anakufa. Akifanya, Limi na mume wake hawatainua uso katika nchi hii, na Masunga akipona atajificha mpaka kaburini. Na akimwacha, Masunga haponi.

Nesi akaipaka ncha ya lile bomba mafuta ya mgando. Akasimama. Akatugeuzia mgongo, akatazama ukuta, uso karibu unagusa udongo, na akanyoosha mkono wake kwa nyuma, bomba kwenye vidole.

"Mkwe," akaniita. "Chukua. Wewe ni mke wake, wewe huna mwiko. Limi na Holo tokeni nje. Jilala, mshike kichwa, usimzibe pua. Mkwe, mvue."

Nilimvua.

"Umeingiza?"

"Bado."

"Unangoja nini? Umeanza leo kumwonea haya mume wako?"

Wallahi, Jilala alicheka. Alikuwa analia, na akacheka, kichwa cha ndugu yake kipo mapajani.

"Imeingia."

"Isukume taratibu. Taratibu, usiwe kama unapuliza moto. Imeisha? Chomoa, mbane makalio kwa mikono miwili, usiachie. Anapumuaje?"

"Anakoroma."

"Kukoroma ni kupumua. Shikilia."

Tukakaa hivyo. Mimi nimembana mume wangu makalio, shemeji ameshika kichwa, na Nesi anauongelesha ukuta, anahesabu kwa sauti ya chini kama anaimba. Kidogo kidogo ule mrusho ukalegea. Vidole vikafunguka. Nikamfunika na shuka, nikasema amefunikwa, na hapo ndipo Nesi akageuka. Chapa ya udongo ilikuwa kwenye paji la uso wake. Akapiga magoti, akamshika kifundo cha mkono, akatusalimia sasa, kwa utaratibu, mmoja mmoja, mwadila Jilala, mwadila mkwe.

Masunga alipotulia na kulala, Jilala akauliza ile dawa ni nini. Nesi akamwambia ukweli: ni ileile aliyoimwaga chooni, ya maji badala ya kidonge. Jilala akaruka. "Yaani umemrudishia sumu yake!"

"Kaa chini, baba. Wewe ni mfugaji. Ng'ombe anayekamuliwa sana, unataka kumkausha maziwa. Unafanyaje? Unaacha kumkamua leo basi?"

"Aa, wapi. Kiwele si kitavimba kipasuke? Unaruka jioni kwanza. Baadaye unakamua nusu, unamwachia. Baadaye unaruka siku. Unakwenda naye mpaka mwenyewe..." Akamgeukia Masunga aliyelala.

"Basi wewe ndiye utanisaidia," Nesi akamwambia.

Jilala hakurudi Maswa msimu ule. Kila asubuhi alimpakia Masunga kwenye baiskeli, wakaenda zahanati, Nesi anakata kidonge kwa wembe juu ya kifuniko cha kopo, Masunga anameza palepale. Cha kubeba nyumbani alimpa Jilala, si yeye. Kila baada ya muda kipande kinapungua. Wakipunguza akitetemeka sana, wanasimama hapohapo wanangoja, halafu wanaendelea. Nesi alisema hana haraka, mwili haupigiwi filimbi. Na palepale kwenye benchi Masunga akaanza kuongea ile hofu aliyoikimbia, ghala, kufuli, kalamu sikioni. Nesi alimpa heshima ya mkwe, alitazama pembeni anaposikiliza, na labda kutotazamwa ndiko kulikomfungua mdomo.

Kulikuwa na siku Masunga aliteleza. Alimtoroka Jilala akaenda kwa Doto. Nesi alipojua hakumgusa Masunga, alimwendea Doto. Niliongozana naye, nilikuwa na safari ya sokoni.

"Doto, mwangaluka. Huyu mkwe wangu usimuuzie tena."

"Mwangaluka mama. Lakini mama, si unajua, siku hizi biashara ni huria."

"Ni huria kweli?"

"Huria kabisa, mama."

"Basi na mimi niko huria kukaa kwenye benchi lako." Akakaa. Sare nyeupe, kikopo cha ugoro mkononi. Na watu wakaanza kuja dukani. Wa kwanza akamkuta Nesi, Nesi akamsalimia salamu ndefu, halafu, "Umefuata nini, baba?" Yule bwana alifuata dawa ya kisonono, kila mtu alijua kwa alivyojishika. Akasema amefuata kiberiti. Doto hauzi kiberiti. Wa pili akageukia njiani. Wa tatu akajifanya anafunga kamba za kiatu, na amevaa kandambili. Nesi anavuta ugoro, anapiga chafya, anaita "karibuni!" kama mwenye duka.

Kabla jua halijafika kichwani Doto alitoka na mikono juu. "Mama, nakuomba. Simuuzii. Naapa kwa mama yangu mzazi."

"Na wengine, watu wakija kila wiki wanataka hivyohivyo?"

"Nitawaambia waje kwako."

"Mtoto mzuri," akasema, na akanyanyuka. Njiani nilicheka mpaka nikasahau kilichonipeleka sokoni. Sijui kama Doto alitimiza lile la wengine. La Masunga alitimiza.

Tulipoanza kuchuma pamba, Nesi alikata kipande kidogo kama punje ya mtama. Baada ya hapo hakukata tena. Masunga alikuwa na siku mbaya, sisemi hofu ilikufa. Lakini alikuwa anaiona inakuja, anakwenda kulima, inapita. Aliuinua tena uso wake mbele za watu. Kwenye arusi ya Limi alimpa Nesi mkono mbele ya watu wote, na Nesi akalia kama kawaida yake, kwenye arusi alikuwa analia hata za watu asiowajua.

Alipostaafu naye alifungua duka la dawa. Watu wakamsema: si yeye aliyekuwa anamsumbua Doto? Alijibu, "Pensheni haijui kupika, na mimi pia." Lile duka halikumtajirisha. Anayetaka vidonge vya usingizi alimpeleka hospitali kwa daktari, na anayetaka dawa ya kikohozi alimfanya kwanza awe nesi. Wengi walikuwa na haraka.

Sasa mara ya mwisho. Masunga ameshakuwa mzee, aliteleza kisimani akavunjika nyonga, akalazwa hospitali hapa Bariadi angoje kupasuliwa. Maumivu, na ile hofu ikamkuta kitandani amefungwa, hana shamba la kukimbilia. Macho yakawa mlangoni tena. Daktari kijana, mpole, akasoma faili, akasema, "Babu nitakupa kidonge cha kutuliza, siku hizi chache mpaka upasuaji upite." Akamtajia jina. Masunga alikuwa anatetemeka na akakataa. Akafunga mdomo kama mtoto. Daktari akaniangalia, nikamweleza yote, hata bomba. Hakucheka. Akasema habari kama hii ni nzuri kuijua, tutampa kidogo na tutamwangalia. Masunga akasema hata kidogo hataki. Afadhali afe na hofu yake. Na presha ya damu ikawa inapanda, wakasema kwa hali hii hawezi kupasuliwa, na asipopasuliwa hatasimama tena.

Nikamtuma Limi kwa mama mkwe wake. Nesi alikuja kwa fimbo, macho yameingia ukungu, anaulizia kitanda chetu kwa sauti ya kwaya. Akamtafuta daktari kwanza, akamuuliza ni kiasi gani, siku ngapi, nani atampa mkononi. Daktari akajibu vyote. Nesi akasema, "Vizuri, baba." Akaja kitandani.

"Mkwe, meza."

Masunga akamtazama. "Ni wewe unaniambia nimeze?"

"Ni mimi. Nilikwambia zamani ni vya kukuvusha. Hapa kuna mto, vuka."

"Na nikishindwa kurudi?"

Hakumdanganya. Hakusema hutashindwa. Alisema, "Sasa unajua vinavyofanya, zamani ulikuwa hujui. Na Jilala hayupo tena duniani, lakini mimi nipo, na huyu mkeo yupo." Masunga akafungua mdomo. Alilala. Wakampasua, akaamka.

Siku ya kuruhusiwa, binti wa dirisha la dawa alitupa mfuko wa dawa za nyumbani: za maumivu, na ndani yake vile vidogo vilivyobaki. Mimi nilikuwa nafunga shuka na vyombo. Masunga, kwenye magongo, alitia mkono mfukoni, akavitoa, akavirudisha dirishani. "Hivi bado vipo," akamwambia yule binti. "Mimi nimeshavimaliza."

Nesi alikuwa kwenye benchi la nje, haoni mbali. Nikaenda nikamwambia.

"Amevirudisha?"

"Amevirudisha, mayu."

"Wewe ndiye ulimwambia."

"Sikumwambia. Nilikuwa nafunga mzigo."

Akasafisha miwani kwa upindo wa kitenge, akavaa, haikumsaidia, macho yalikuwa yamejaa maji. "Haya," akasema, "nishike mkono basi, nisije nikaanguka mbele ya mkwe wangu." Nikamshika, tukatoka nyuma ya Masunga polepole, yeye na magongo yake, yule na fimbo yake, na mimi katikati na mzigo kichwani. Pamba ya mwaka uliofuata Nesi hakuiona, tulikuwa tumeshamzika.

Holo yupo, Limi yupo, Doto yupo na duka lake sasa lina kibali ukutani. Mkisoma hapa mkaona nimemweka mtu mahali ambapo hakukaa, au nimempa Jilala maneno ya mwingine, njooni mniambie, nyumbani kwangu mnakujua, nami nitayanyoosha. Ila jina la mkwe wangu msinikumbushe. Hilo ninalo.